Aliyeshuka Kaburini Kunipokea

Cheka kwanza, nimezoea. Ukimaliza kucheka kaa vizuri unisikilize, maana haya ninayokueleza hayakumpata jirani yangu wala binamu wa rafiki yangu. Yamenipata mimi, nikiwa macho, sijalewa, sina homa, na jua linawaka. Najua watu wanapenda visa vya namna hii viwe vya usiku wa manane, na bundi wake juu ya paa. Changu ni cha mchana. Wangapi wameniambia kwa kunionea huruma kwamba labda kulikuwa na giza, niliona vibaya? Giza gani, saa nane mchana, katikati ya mkonge wa Mazinde?

Nianze na Salimu, kwa sababu bila Salimu hakuna kisa.

Mimi na Salimu tulikulia Kang'ata, huko Handeni. Tulikwenda jandoni pamoja, tukalima mashamba yanayopakana, tukagombania mpaka, tukapatana. Yeye alinitangulia kuoa. Alimwoa Hadija, binti wa Kishambaa kutoka milimani Dindira, wakapata mtoto mmoja wa kike, Zuhura. Mwaka mmoja mahindi yakakaukia shambani, Salimu akaenda Mazinde kukata mkonge ili nyumba ipate kula. Hakurudi kwa miguu yake. Aliletwa nyuma ya pikapu amefunikwa shuka, na wenzake wa kambini wakasema homa ilimkamata jioni, asubuhi hakuamka.

Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Hapo nakuomba usikilize vizuri, maana ndipo penye shida yote. Wenzetu walitanda shuka juu, mimi na kaka yake, Bakari, tukawa chini. Nilimlaza ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, nikalegeza sanda upande wa uso, nikamwekea shavu kwenye udongo. Alikuwa mzito. Nakumbuka nilijiuliza, mtu mwembamba hivi uzito huu ameutoa wapi? Kisha nikapanda juu, tukafukia, tukaomba dua, tukaenda kula ubwabwa wa msiba kama watu wote.

Hadija alikaa eda mpaka ikaisha, na muda mwingine ukapita, ndipo nikaposa. Midomo ya Kang'ata ikafanya kazi yake. Walisema nilikuwa namngoja Salimu afe. Sikumngoja. Nilimpenda Hadija baadaye, kwa njia ya kawaida kabisa, kwa kumwona akilima peke yake na mtoto mgongoni huku wasemaji wenyewe wamekaa kivulini. Tukaoana. Zuhura alijifunza kusema akiniita mimi baba. Sikupata mtoto mwingine, wala sikuona kama nimepungukiwa na kitu.

Sasa angalia dunia isivyo na haya. Mvua ikakosekana tena, na kazi niliyoipata ni kukata mkonge, tena Mazinde, tena kambi ileile. Hadija hakupenda. Alisema, "Baba Zuhura, mahali pale pameshanila mara moja." Nikamjibu kwamba pahali hapali mtu, kinachokula ni njaa ukikaa bure. Nilijiona nimesema neno la maana sana. Tukahamia sote watatu, tukapewa chumba kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi, Zuhura akaanza shule hapo.

Kukata mkonge ni kazi ya mistari. Unaingia mstari wako alfajiri, unakata majani ya chini, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga mzigo, unasogea kwenye mmea wa pili, na huo wa pili ni sawasawa na wa kwanza. Ukiinua kichwa huoni tofauti ya ulikotoka na unakokwenda. Ndiyo maana wakataji wanaimba na kutukanana kwa sauti, kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Siku ile wenzangu walishamaliza na kuondoka na trekta. Mimi nyapara alinirudishia baadhi ya mizigo, eti majani mafupi, basi nikabaki nairekebisha peke yangu huku namsema nyapara na ukoo wake wote.

Nikasikia kisu kwenye mstari wa pili.

Kila mkataji ana mkato wake, hata akilima au akifyeka nyasi utamjua. Huyu alikata mara mbili haraka, akatulia, akapiga pigo la tatu taratibu. Mwili ulinisisimka kabla jina halijanijia. Nilikuwa nimeusikia mkato ule miaka yote ya ujana wangu, upande wa pili wa mpaka wa shamba.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ni mimi. Nani mwingine atakuwa huku saa hizi?"

Akatokeza kati ya mikonge miwili. Salimu. Na usidhani alikuja kijana kama tulivyomzika. Alikuwa na mvi kwenye ndevu, sawa na zangu, na mikono imechanikachanika na miiba, sawa na yangu. Wewe umewahi kusikia wapi maiti anazeeka?

Niamini hili hata kama mengine utayakataa: aliyeogopa zaidi si mimi, ni yeye. Aliponiona kisu kilimponyoka. Akarudi nyuma, akainua mikono, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Ananisomea mimi! Na mimi nilishaanza kumsomea yeye. Tukasoma wote wawili, kila mmoja akingoja mwenzake ayeyuke. Mahali nilipokosea yeye alinisahihisha. Tukamaliza, na hakuna aliyetoweka.

"Wewe si ulikufa?" akaniuliza.

"Mimi? Wewe ndiye uliyekufa, Salimu. Hapahapa Mazinde."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile naichukia mpaka leo. "Ndugu yangu," akasema, "mimi ndiye niliyeshuka kaburini kukupokea. Mimi na Bakari. Nilikulaza ubavu wa kulia, nikakuwekea shavu kwenye udongo. Ulikuwa mzito, nikashangaa."

Nikamwambia nina mke, nina mtoto, naishi kambini. Akauliza mke gani. Nikamwambia Hadija. Akacheka kidogo, siyo kwa dharau, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Hadija yuko kwangu," akasema. "Jana paka ameingia chumbani akarukia chandarua, akanasa, Hadija akacheka mpaka akakaa chini. Zuhura ameumia goti shuleni, nimemfunga kitambaa cha bluu. Leo asubuhi hakutaka nikifungue."

Paka alinasa kwenye chandarua changu. Hadija alicheka chumbani kwangu mpaka akakaa chini, na mimi ndiye niliyemtoa paka nikaparuzwa. Kitambaa cha bluu nilikichana mimi kwenye shati langu la zamani. Nikaangalia mkono wangu, mkwaruzo wa paka upo. Nikaangalia wake. Upo.

Tukakaa chini. Ilikuwa saa ya kula na kila mmoja alikuwa na kibakuli chake cha plastiki. Vyote viwili bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchunga. Anayeijua mboga ya mchunga anajua uchungu wake, na anajua kwamba bila chumvi haimezeki. Mimi nilishaanza kula changu asubuhi nikaona hakina chumvi hata punje, nikakiacha nikisema Hadija leo amenikomoa. Salimu akachota kwangu, akaonja, akatema pembeni.

"Onja changu," akasema.

Nikaonja. Ulikuwa mkono wa Hadija, nisingeweza kuukosea. Na chumvi imekaa mahali pake.

Kwetu huku hakuna asiyejua habari za misukule. Mtu anachukuliwa na wachawi akiwa mzima. Nyumbani wanaachiwa kitu kama mwili, wanalia, wanakosha, wanazika, kumbe wanazika mgomba. Mwenyewe yuko kwenye shamba la mtu anafanya kazi bure, na akili imefungwa hajui. Tunasimuliana hayo tangu utoto, na kila msimuliaji anaongeza kwamba msukule hapewi chumvi, maana akiionja anazinduka. Nilichokuwa sijawahi kukiwaza, wala simjui aliyewahi kukiwaza, ni hiki: huyo aliyefungwa akili, yeye mwenyewe anaona nini? Je, kama anaona kwamba yuko kwake, ana mke, ana mtoto, paka kanasa kwenye chandarua?

Salimu alikuwa ameshakiwaza. Nilikiona machoni mwake. Akafunika kibakuli chake, akasimama.

"Pole, ndugu yangu. Sijui ni nani aliyekuchukua." Akachukua kisu. "Nitamwambia Hadija kwamba nimekuona. Hapana, sitamwambia. Alikulilia sana."

Akapita kwenye mstari wake kuelekea kambini. Nikasikia mkato wake mara mbili haraka, kimya, la tatu. Halafu upepo tu. Nilipopata nguvu ya kuvuka kwenda kuangalia, mstari ule ulikuwa umekatwa majani vizuri, na mizigo imefungwa. Fundo lilikuwa kama ninavyofunga mimi. Lakini Salimu ndiye aliyenifundisha kufunga, kwa hiyo hata hilo halikunisaidia.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Hadija alikuwa anafua. Nikamuuliza, hata salamu sikutoa, "Mboga ya leo umetia chumvi?"

"Chumvi imeisha tangu jana. Nilikwambia ulete, ukasahau. Kwani wewe ukoje, mbona unahema hivyo?"

Jibu ndilo hilo. Chumvi kuisha nyumbani kwetu sisi masikini siyo jambo la ajabu. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo, angeoga, angelala. Mimi nikasimama pale nikiwaza kwamba, kama ni kiini macho, si lazima kingekuwa na jibu kama hilo? Anayekudanganya vizuri atakuachia tundu? Siku ile ndiyo niliyompoteza Hadija, ila ilichukua muda mrefu mpaka yeye mwenyewe aondoke.

Nilinunua chumvi. Nikaanza kutembea nayo mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Nikiamka, kidole mfukoni, ulimini. Nikiingia ndani, nikitoka, nyapara akiniita, mtoto akicheka. Mwanzoni ukali wake ulinituliza. Nilijiambia, umeonja na hujazinduka, basi hapa ndipo ulipo. Lakini utulivu wenyewe ulikuwa unafupika. Ukipita kidogo tu swali linarudi na kaka yake: je, hiyo chumvi nayo ni ya kweli? Ulimi nao ni wa nani? Usinicheke hapo. Jaribu wewe kumjibu mtu wa namna hiyo uone kama utamshinda.

Nikahamia kwa watu. Nilimuuliza Hadija siku ya mazishi alimwona nani amebebwa. Akanijibu kwa upole. Nikamuuliza tena kesho yake, na kesho yake tena, nikiongeza mitego kidogo nione kama atababaika. Aligundua mitego. Alivumilia. Nilimuuliza jambo alilonong'onezwa na Salimu siku ya harusi yao, ili nilinganishe, kulinganisha na nini hata sijui. Akalia, nikamtazama anavyolia kama fundi anayetazama redio iliyoharibika.

Kulikuwa na kijana mmoja pale kambini, mkataji mwenzetu aliyetoka Dar, mtu wa simu na masikio yenye waya. Nilimweleza usiku mmoja chumbani kwake, kwa kuzungukazunguka. Akachangamka. "Oyaa mzee, mbona hiyo ishu inajulikana? Hata Wazungu wanasema. Dunia yote hii inaweza kuwa gemu tu kwenye kompyuta ya mtu. Mimi na wewe tumo ndani, hatujui." Akanionyesha video, mtu ana miwani anaeleza kwa mikono. Kijana akacheka, akasema kama ni gemu basi aliyelitengeneza angemwekea na kademu, akageuka ukutani akaanza kukoroma. Yeye alilala. Hilo ndilo linaloniuma. Swali lilelile lilimwingia kijana likatokea upande wa pili, kwangu likajenga nyumba.

Zahanati walinipima presha wakashtuka. Muuguzi akasema, "Baba, acha chumvi kabisa." Nikamwangalia usoni kwa muda mrefu. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyemtuma.

Ndipo nikafanya lile la Kang'ata. Niliona njia iliyobaki ni moja, kaburi la Salimu. Nikikuta mgomba nimejua, nikikuta mtu nimejua. Nikapanda gari mpaka Korogwe, nikaunganisha Handeni, nikafika Kang'ata asubuhi watu wakiwa mashambani, nikaazima jembe kwa mtu asiyejua ninalotaka kulifanya. Nilianza upande wa kichwani. Udongo ulikuwa mgumu na jembe bovu. Sikuwa nimefika hata magotini Bakari akatokea, kuna mtoto alikuwa amemkimbilia kumwambia.

Hakunipiga. Alininyang'anya jembe, akasimama juu ya kaburi la mdogo wake akiwa anatetemeka midomo.

"Unatafuta nini humu?"

"Nataka kuona kama ni yeye."

"Tulishuka wote wawili! Wewe ulimshika kichwani, mimi miguuni! Ulimwona!"

"Na kama siye?"

"Kama siye, nani?"

"Basi ni mimi."

Bakari aliacha kutetemeka. Akaniangalia kwa namna ambayo ningependa zaidi angenipiga. Akanifuta udongo mabegani kwa kiganja chake, akaenda kuwaita wazee. Walikaa, wakanisema, wakaamua nisikanyage tena makaburini kwao, wakampigia Hadija simu aje kunichukua. Mpaka leo namlaumu Bakari kwa kuninyang'anya jembe lile. Nakuambia ukweli, namlaumu. Halafu najua pia kwamba hata ningefika chini nikaikuta mifupa imelala ubavu wa kulia, ningepanda juu nikitafuta chumvi mfukoni.

Hadija alikuja na hakunitukana. Fikiria mwanamke huyo. Kaburi la mumewe wa kwanza limechimbwa na mumewe wa pili, ukoo mzima unamtazama yeye kama ndiye mwenye nuksi, naye akawaambia wazee, "Mume wangu anaumwa. Naomba mniachie nimuuguze." Njiani alinishika mkono mpaka Mazinde. Tulipofika alinikatia chungwa akanilisha. Kwa hilo la kaburi hakuniacha, na ningekuwa na akili ningelala miguuni pake.

Aliniacha kwa ajili ya Zuhura.

Ilikuwa jioni, tunakula. Zuhura alikuwa amepungua siku zile na mwalimu alituita kusema mtoto hamsikilizi tena, anakaa anajifinya mkono. Sisi tukadhani ni minyoo. Jioni ile akaacha kula, akatia mkono kwenye mfuko wa sare yake, akatoa kikaratasi cha nailoni. Akalamba kidole. Akakaa kidogo anasikiliza ulimi wake, kama ninavyofanya mimi. Kisha akaniuliza:

"Baba, mimi nipo?"

Ningejibu mara moja, ningesema upo mwanangu, njoo hapa. Mtu yeyote angesema hivyo, hata mlevi. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa naliwaza swali lake. Niliona ni swali zuri.

Hadija aliona kwamba ninaliwaza. Aliweka kijiko chini. Akamnyang'anya mtoto kikaratasi kile, akakitupa kwenye jiko, chumvi ikapasukapasuka kwenye makaa. Akamvuta Zuhura kifuani akamwambia, "Upo. Mimi nimekuzaa kwa uchungu, nimeupata mwenyewe huo uchungu, na upo." Alikuwa akimwambia mtoto lakini macho yapo kwangu. Asubuhi alifunga nguo zao. Mlangoni akasema, "Mume mmoja nilimzika nikalia nikanyamaza. Wewe unajizika mwenyewe kila siku, na sasa umeanza kumwekea mwanangu udongo. Siwezi, Baba Zuhura." Akaenda kwao Dindira.

Nilimfuata. Usidhani nilikaa tu. Mashamba ya chai yalikuwa yameingiwa na ukungu, nikapanda kwa miguu kutoka barabarani huku nimejipangia maneno. Mama yake alinisalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," kama mgeni yeyote, akaingia ndani. Hadija akatoka. Alikuwa amenenepa kidogo, na sura imetulia. Nyuma yake dirishani nilimwona Zuhura anakula kiazi, anakula hasa, mashavu yamejaa.

Nikasema nimekuja kuwachukua, nimepona.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Toa mifukoni."

Nilitia mkono mfukoni nikakigusa kikaratasi, na niape kwako, hata pale, mbele ya mke wangu, wazo la kwanza lililonijia halikuwa kukitupa. Wazo lilikuwa kwamba huyu Hadija aliyenenepa hajafanana sana na wangu, na kwamba ukungu ule ulikuwa mzito mno, na kwamba ningeonja kidogo tu nihakikishe kabla sijaamua. Aliuona mkono unavyosita. Alirudi ndani akafunga mlango polepole, asimshtue mtoto.

Sasa naishi peke yangu Mazinde, bado nakata mkonge, kichwa kinauma kwa presha, mwaka jana upande mmoja wa uso ulilegea na haujarudi vizuri. Najipikia bada na mchunga mwenyewe. Salimu sijamwona tena, ingawa siku nyingine nikibaki nyuma nasikia mkato mara mbili haraka, kimya, la tatu, na naweza kukuapia kwamba kule anakokwenda jioni kuna taa, kuna mtoto anayesoma, kuna mwanamke anayecheka mpaka anakaa chini. Aliniambia mchana kweupe kwamba Hadija hayuko kwangu, yuko kwake. Siku ile alikuwa ananidanganya, au amedanganywa, sijui. Leo njoo uangalie chumbani kwangu uniambie ni nani kati yetu aliyesema kweli. Na hiyo kweli yake hakuileta mchawi yeyote. Niliifanyia kazi mwenyewe, bure, kila siku, kama msukule hasa.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukikutana na mtu akakwambia ulikufa zamani, au uko kwenye gemu, au mkeo siye, usimbishie wala usimchunguze. Hasa usimchunguze. Hilo jembe halina mahali linapofika. Rudi nyumbani, ukae, ule ulichopikiwa, kiwe na chumvi kisiwe na chumvi, na mtoto akikuuliza kama yupo, mjibu kabla hujafikiri.